Kwa Nini Bakteria Wana Majina ya Watu, na Kwa Nini Majina Hayo Hayatulii

Chukua karatasi ya majibu ya maabara kutoka zahanati yoyote ya Nairobi, iwe Kayole, Kawangware au katikati ya jiji, uisome kama daftari la mahudhurio. Brucella: huyo ni David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza. Widal: Fernand Widal, tabibu Mfaransa aliyekitangaza kipimo hicho cha taifodi mwaka 1896. Salmonella: Daniel Salmon, daktari wa mifugo wa Marekani, wala hahusiani na samaki wa jina hilo. Mkojo ukioteshwa, mara nyingi jibu huwa E. coli, na hiyo E ni Theodor Escherich, daktari wa watoto kutoka Ujerumani. Mgonjwa alikwenda kutafuta chanzo cha homa, amerudi na majina ya wazee wanne ambao hakuna aliyewahi kumjulisha kwao.

Majina haya yana vituko vyake. Leo bakteria anaitwa hivi, baada ya miaka michache anaitwa vingine, ilhali ni yule yule na dawa ni ile ile. Mwingine amebeba jina la ugonjwa asiousababisha. Wengine wawili ni kitu kimoja kabisa kwa damu, lakini wamepewa majina ya koo mbili tofauti na wataalamu wamekataa kuyaunganisha. Ukiuliza kwa nini, utapewa maelezo marefu ya sheria za Kilatini ambayo hayaingii akilini.

Tatizo lenyewe ni jepesi kuliko linavyoonekana. Jina la bakteria limebebeshwa kazi mbili. Linatakiwa kumtambulisha, ili likitajwa Kisumu au Tokyo kila mtu ajue ni kiumbe gani kinachozungumziwa. Papo hapo linatakiwa kumtaja ukoo. Kazi ya kwanza inataka jina lisiguswe kamwe. Kazi ya pili inataka liguswe kila tunapogundua kwamba tuliyedhani ni ndugu wa fulani ni ndugu wa mwingine. Vituko karibu vyote vinatoka kwenye ugomvi huo.

Ukoo hutangulia

Mtindo wa majina mawili ulienezwa na Carl Linnaeus wa Uswidi, kwa mimea mwaka 1753 na kwa wanyama mwaka 1758. Neno la kwanza ni la jenasi na huanza kwa herufi kubwa, la pili ni la spishi na huanza kwa herufi ndogo. Katika Escherichia coli, Escherichia ndio ukoo, na coli ni kusema tu kwamba huyu ni wa utumbo mpana. Wapo wengine wa ukoo huo, kama Escherichia fergusonii na Escherichia albertii, kila mmoja na jina lake la pili.

Mkazi wa Nairobi ana haki ya kukanganyikiwa, kwa sababu hapa kwetu jina la mwisho ndilo linalodhaniwa kuwa la ukoo, na mara nyingi halina habari yoyote ya ukoo. Msichana anaitwa Akinyi Otieno. Akinyi linasema alizaliwa asubuhi. Otieno ni jina la baba, nalo linasema baba alizaliwa usiku. Umeshajua saa walizozaliwa wote wawili, bado hujui ukoo wao. Nenda kwa Wabukusu: Nekesa alizaliwa wakati wa mavuno, kaka yake Wanjala wakati wa njaa, nao ni wa tumbo moja. Kwa Wakalenjin, Kiprop na Cheprop ni mvulana na msichana walioletwa na mvua. Waswahili wa Pumwani wana Juma na Mwanajuma wa siku ya Ijumaa, na pia Shida na Tabu, ambayo ni historia ya mama zaidi kuliko ya mtoto. Majina haya yote ni ya tukio. Yanamtambulisha mtu vizuri sana na hayamwainishi hata kidogo.

Kisha ikaja fomu yenye kisanduku cha jina la ukoo, iliyobuniwa na watu ambao kwao baba, watoto na wajukuu hushiriki jina moja la mwisho. Kila jamii ikakijaza ilivyoweza. Msomali wa Eastleigh ataandika jina la babu yake, kwa sababu jina lake kamili ni lake, la baba, la babu, na angepewa karatasi ndefu angeendelea kupanda. Nadhani nusu ya foleni katika ofisi za vitambulisho ni matunda ya kisanduku hicho.

Walio karibu zaidi na utaratibu wa bakteria ni Wakikuyu. Kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, anayemfuata la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa nyanya zao. Jina halimsemi mtoto, linamrudisha mtu mwingine duniani, kama vile Escherichia isivyotuambia chochote kuhusu bakteria ila humrudisha Escherich. Matokeo yake mwalimu yeyote wa shule ya msingi anayajua: ndugu watatu wakizaa wavulana, wavulana wote watatu wanaitwa Kamau, na familia inalazimika kutumia jina la baba au la utani ili kujua ni Kamau yupi aliyevunja dirisha.

Familia huvumilia. Kanuni za majina ya viumbe hazivumilii. Mwaka 1927 J. H. Harvey Pirie, akifanya kazi Afrika Kusini, aliiita jenasi mpya Listerella kwa heshima ya Joseph Lister, mpasuaji aliyepigania usafi wa vyumba vya upasuaji. Baadaye ikabainika kwamba kuna kiumbe mwingine kabisa, asiye bakteria, ambaye tayari alikuwa na jina hilo. Ikabidi Pirie arudi mwaka 1940 na jina Listeria. Heshima yenyewe ni ya ajabu ukiitazama vizuri. Lister alitumia maisha yake kuwaua vijidudu, na leo jina lake husikika kwenye habari pale nyama za kusindikwa na soseji zinapoua watu, kama ilivyotokea huko huko Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018, ambapo zaidi ya watu 200 walikufa kwa bakteria waliotoka kwenye poloni, aina ya soseji nene.

Kuna kanuni moja ninayoipenda. Jenasi inayotokana na jina la mtu huhesabiwa kuwa ya kike katika Kilatini, hata kama mtu mwenyewe alikuwa jenerali mwenye masharubu. Bruce akawa Brucella, Pasteur akawa Pasteurella, Klebs akawa Klebsiella. Mkikuyu hatashtuka, maana koo zake zenyewe zinaitwa kwa mabinti wa Mumbi, mama wa kabila zima katika masimulizi yao: Anjirũ kwa Wanjirũ, Ambũi kwa Wambũi, Angarĩ kwa Wangarĩ. Kwenye jina la pili ndipo jinsia ya mtu huheshimiwa: mwanamume hupewa i au ii mwishoni, mwanamke ae. Elizabeth King, mwanabakteria wa Marekani aliyefanya kazi ya kuainisha bakteria ambao wengine waliwashindwa, yumo pande zote mbili katika Kingella kingae. Haikutosha. Mwaka 2005 wakamtengenezea jenasi nyingine kwa majina yake yote mawili, Elizabethkingia.

Aliyeheshimiwa si lazima awe aliyegundua

Watu hudhani bakteria huitwa kwa jina la aliyemwona kwanza. Wakati mwingine ni kweli. Kiyoshi Shiga alimpata bakteria wa kuhara damu huko Japani mwaka 1897, na Shigella ni yake kwa haki. Lakini Salmonella ilipatikana mwaka 1885 na Theobald Smith, kijana aliyekuwa akifanya kazi chini ya Salmon katika idara ya mifugo. Bosi ndiye aliyekumbukwa. Tena walidhani wamepata chanzo cha kipindupindu cha nguruwe, kumbe ugonjwa huo unaletwa na virusi. Jina likatolewa mwaka 1900 na Mfaransa Joseph Lignières, likabaki.

Escherich naye hakujiita. Mwaka 1885, akichunguza vinyesi vya watoto wachanga, alimwandika bakteria wake kwa jina la kawaida tu, Bacterium coli commune. Alikufa mwaka 1911 bila kujua kwamba angekuwa maarufu katika kila choo cha dunia. Waliomwinua ni Aldo Castellani na Albert Chalmers mwaka 1919, na mwaka huo huo ndio waliompa Shiga jenasi yake.

Huyu Castellani anatuhusu zaidi ya hapo. Mwaka 1902 alitumwa Uganda kuchunguza malale, na akaviona vimelea vyake kwenye maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa huko Entebbe. Mwaka uliofuata akafika David Bruce, yule yule wa Brucella, na kwa miaka mingi baadaye pakawa na mabishano makali kuhusu nani hasa anastahili sifa ya ugunduzi. Bruce alikuwa ameshampata bakteria wake zamani, kisiwani Malta mwaka 1887, kwa wanajeshi waliokuwa wakiugua homa isiyoisha. Ndiyo maana spishi hiyo inaitwa Brucella melitensis, ya Malta. Aliyeonyesha kwamba homa hiyo ilitoka kwenye maziwa ya mbuzi ni daktari wa kisiwa hicho, Themistocles Zammit, mwaka 1905, na jenasi haina hata herufi yake. Kwa hiyo mtu wa Nairobi aliyekunywa maziwa mabichi ya mbuzi akaumwa viungo, anaandikiwa jina la Mwingereza na kisiwa cha Mediterania, na yule ambaye kazi yake ingemwokoa, kwa kumwambia achemshe maziwa, hayumo.

Majina mengine ni makaburi. Howard Ricketts alikufa Mexico mwaka 1910 kwa homa ya chawa aliyokuwa akiichunguza. Stanislaus von Prowazek akafa kwa ugonjwa huo huo mwaka 1915. Mwenzake, Henrique da Rocha Lima, akampa bakteria jina Rickettsia prowazekii mwaka 1916: wote wawili ndani ya muuaji wao.

Na si watu pekee. Ziwa Bogoria katika Bonde la Ufa, ambalo maji yake ya magadi huwafaa flamingo na wachache wengine, lina jenasi yake, Bogoriella, iliyotangazwa mwaka 1997, na juu yake familia nzima ya Bogoriellaceae. Ziwa Magadi lina Halomonas magadiensis. Hiyo ensis ni alama ya mahali. Wakati wa ukoloni Bogoria iliitwa Ziwa Hannington, kwa askofu James Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Bakteria yule angepatikana mapema kidogo, huenda tungekuwa na Hanningtonella, na kanuni zisingeturuhusu kuibadili hata baada ya ramani kubadilika.

Salmonella wana mtindo wa peke yao. Spishi zao zinazotambuliwa ni mbili tu, enterica na bongori, hii ya pili ikiwa ya mji wa Bongor nchini Chad. Ndani yake mna zaidi ya aina 2,500 ziitwazo serova, na kwa miongo mingi aina hizo zilipewa jina la mahali zilipopatikana mara ya kwanza. Ipo Kampala na ipo Nairobi. Dar es Salaam imetupiku: jina lake limepanda cheo na kuwa la nususpishi, yaani tawi ndani ya spishi, salamae. Kutokana na mtindo huo, taifodi haina spishi yake yenyewe. Jina sahihi ni Salmonella enterica serova Typhi, kwa T kubwa, na ile S. typhi iliyo kwenye karatasi nyingi za zahanati ni jina la zamani ambalo hakuna daktari atakayekosea kulielewa.

Kutoka vurugu hadi jeni

Sasa ile kazi ya pili, ya kupanga koo. Linnaeus hakujua afanye nini na viumbe wadogo ambao Antonie van Leeuwenhoek alikuwa amewaona kwa lenzi zake tangu mwaka 1676. Aliwatupa pamoja chini ya jina Chaos, akaendelea na maua. Simlaumu. Bakteria hana jani, hana mfupa, hana mdomo. Christian Ehrenberg alipobuni jina Bacterium mwaka 1828 alimaanisha kijiti, na kwa muda mrefu uainishaji ulikuwa ni huo: vijiti, vidonge, vya kujipinda. Ferdinand Cohn aliupanga vizuri mwaka 1872, lakini bado ulikuwa wa maumbo.

Hatua kubwa iliyofuata ilipatikana kwa rangi, na bado inafanywa kila asubuhi katika maabara za jiji hili. Fundi hupaka sampuli kwenye kioo chembamba, huiacha ikauke, kisha hukipitisha kioo juu ya moto ili bakteria washike. Humwaga rangi ya zambarau iitwayo kristali vayoleti, ile ile iliyo ndani ya GV ambayo kina mama huwapaka watoto wenye vidonda mdomoni. Husuuza, humwaga ayodini inayoifunga rangi, kisha huja spiriti, na hapo ndipo hukumu hutolewa. Ni sekunde chache tu. Fundi akizembea, hata aliyestahili kubaki zambarau atapauka. Akiharakisha, wote watabaki zambarau. Mwishowe rangi nyekundu ya safranini. Chini ya hadubini, bakteria wenye ukuta mnene wameshika zambarau na huitwa Gram chanya. Wenye ukuta mwembamba wameipoteza, wakachukua uwaridi, nao ni Gram hasi.

Gram naye ni mtu. Hans Christian Gram, Mdenmark, alibuni njia hii akiwa Berlin na kuitangaza mwaka 1884, huku akiandika waziwazi kwamba ina kasoro na wengine waiboreshe. Hakupewa bakteria hata mmoja maarufu, lakini amewagawa bakteria wa dunia katika makundi mawili, na daktari anayechagua antibiotiki usiku wa manane hulitazama jina lake kabla ya jingine lolote. Bakteria wa kifua kikuu humkaidi, kwa sababu wamejipaka nta isiyopitisha rangi hiyo. Makohozi yao huhitaji njia ya Franz Ziehl na Friedrich Neelsen. Majina juu ya majina.

Rangi na umbo, hata hivyo, havithibitishi undugu. Ni kama kuwapanga abiria wa matatu kwa rangi ya mashati yao ukadhani umepata familia. Jibu lilianza kuja mwaka 1977, Carl Woese na George Fox walipolinganisha kipande kimoja cha ribosomu, mtambo wa kutengeneza protini ambao kila kiumbe hai anao na ambao hubadilika polepole sana. Wanaofanana katika kipande hicho ni ndugu wa karibu, wasiofanana walitengana zamani. Katika kulinganisha huko wakagundua kwamba baadhi ya waliokuwa wakiitwa bakteria, hao waliokuwa wakitoa gesi ya methani, hawakuwa bakteria hata kidogo. Leo jenomu nzima, yaani DNA yote ya kiumbe, husomwa, na kwa kawaida wawili wakifanana kwa takriban asilimia 95 au zaidi huhesabiwa spishi moja.

Hiyo asilimia 95 ni makubaliano. Haikuandikwa popote katika maumbile. Bakteria hawaoani, kila mmoja hugawanyika akawa wawili, na njiani anaweza kupokea kipande cha DNA kutoka kwa mgeni asiye wa spishi yake, ikiwemo jeni ya kushinda antibiotiki. Mstari wa spishi kwao umechorwa na watu wanaohitaji kuongea na kuelewana.

Kazi mbili zinapogombana

Jenomu zilipoanza kusomwa, koo nyingi za zamani zilionekana kuwa mkusanyiko wa majirani. Mfano ulio karibu na meza zetu ni Lactobacillus, jenasi iliyoundwa na Martinus Beijerinck mwaka 1901 kwa bakteria wa kugandisha maziwa. Kufikia mwaka 2020 ilikuwa na spishi zaidi ya 260, baadhi zikiwa mbali sana kati yao. Mwaka huo ikapasuliwa jenasi 25. Yule Lactobacillus plantarum anayepatikana katika maziwa yaliyochachushwa kwenye vibuyu vya Wamasai na mursik ya Wakalenjin sasa ni Lactiplantibacillus plantarum. Wapasuaji walijua wenye viwanda vya yogati wangelalamika, kwa hiyo jenasi nyingi zenye spishi maarufu zilipewa majina yanayoanza na L, na ufupisho wa kwenye kopo ukabaki ulivyo. Clostridium difficile alipohamishwa mwaka 2016, akawa Clostridioides difficile, kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa upande mwingine, jina likiwa la uongo mtupu haliondoki kwa sababu ya uongo pekee. Mwaka 1892 Richard Pfeiffer alidhani amepata chanzo cha mafua makali. Virusi vya influenza ya binadamu vilipatikana mwaka 1933, lakini bakteria wake bado ni Haemophilus influenzae, na watoto wa Kenya wamekuwa wakichanjwa dhidi ya aina yake ya b tangu mwaka 2001. Kanuni iko wazi: jina la spishi halihitaji kuwa kweli, linahitaji kuwa la kwanza na kutangazwa ipasavyo. Wanjala haitwi jina jingine siku anapofungua hoteli.

Basi fikiria pale ambapo ukweli wa ukoo ungeua watu. Nairobi haikuwa na miaka mitatu kamili tangu reli ifike ilipokumbwa na tauni, mwaka 1902. Wakuu wa koloni waliamuru soko la Wahindi liteketezwe kwa moto, na mji uliokuwa wa mabati na mbao ukaanza upya. Bakteria wa tauni alikuwa amepatikana Hong Kong mwaka 1894 na Alexandre Yersin, mwanafunzi wa taasisi ya Pasteur. Kwa miaka mingi aliwekwa katika jenasi Pasteurella, kwa heshima ya mwalimu. Mwaka 1944 Mholanzi J. J. van Loghem akamtenga katika jenasi mpya, na mwanafunzi akapata ukoo wake: Yersinia pestis.

Miongo kadhaa baadaye DNA ikaonyesha kwamba pestis ni tawi changa la Yersinia pseudotuberculosis, bakteria ambaye kwa kawaida humpa mtu maumivu ya tumbo na homa, kisha yakapita. Kwa kanuni za ukoo, tauni ilitakiwa kushushwa kuwa nususpishi ya huyo mpole, na pendekezo likatolewa. Mwaka 1985 jopo la waamuzi wa majina ya bakteria likalikataa. Halikupinga sayansi yake. Lilisema jina hilo ni la hatari: fundi wa maabara au daktari akisoma neno pseudotuberculosis angeweza kudhani ni jambo dogo, huku mbele yake kuna mtu mwenye tauni. Kanuni zina kifungu mahususi cha kukataa jina linaloweza kuhatarisha maisha. Mimi naliona kuwa ndilo jambo lenye busara kuliko yote katika kitabu hicho kikavu.

Shigella wanaishi chini ya kivuli hicho hicho. Kwa DNA ni matawi ya Escherichia coli, na wala si tawi moja, yametokea zaidi ya mara moja. Spishi zao nne, dysenteriae, flexneri, boydii na sonnei, tatu zikiwa za watu, zingetakiwa zote kumezwa na E. coli. Lakini mzazi wa Mukuru aliyeleta mtoto anayehara damu anahitaji karatasi inayosema Shigella, na daktari naye pia. E. coli wengi huishi tumboni mwetu bila neno. Castellani na Chalmers walitenganisha mwaka 1919 kwa kutojua, na sisi tunaendelea kutenganisha tukijua.

Vivyo hivyo, watu hubadili majina ya magonjwa kwa sababu zisizo za ukoo wala za maabara. Gerhard Armauer Hansen, tabibu wa Norway, alimwona bakteria wa ukoma mwaka 1873. Wengi sasa hupendelea kusema ugonjwa wa Hansen, ili mgonjwa asibebeshwe aibu ya karne zote zilizopita. Bakteria mwenyewe amebaki Mycobacterium leprae.

Chupa mbili, nchi mbili

Kufikia miaka ya 1970 majina ya bakteria yalikuwa makumi ya maelfu, mengi ya watu wanne waliompa kiumbe mmoja majina manne. Wanabakteria wakafanya jambo ambalo wataalamu wa mimea hawakulithubutu. Walitengeneza orodha ya majina elfu mbili na ushee waliyokubaliana, na kutangaza kwamba tarehe 1 Januari 1980 hesabu inaanza upya. Jina lisilo kwenye orodha lilipoteza haki yake ya kutangulia. Tangu hapo jina jipya lazima litangazwe au kuthibitishwa katika jarida moja la kimataifa, likiwa na maelezo na asili ya neno lenyewe. Mwaka 2021 kanuni zikapanda hadi juu kabisa, na faila, yaani makundi makubwa yanayokusanya koo nyingi, zilizozoeleka kama Firmicutes na Proteobacteria zikawa Bacillota na Pseudomonadota, jambo lililowaudhi waandishi wengi wa vitabu vya shule.

Sharti gumu zaidi ni la mfano halisi. Anayetoa jina hana budi kuwa na bakteria hai, aliyeoteshwa peke yake, na kuweka nakala zake katika hifadhi mbili za nchi mbili tofauti, ili mtu mwingine yeyote aweze kumwomba na kuhakikisha. Ni sharti la haki, lakini bakteria wengi wa udongo, bahari na matumbo hawakubali kuota kwenye sahani. DNA yao inasomeka, wenyewe hawashikiki. Kwa hao liliundwa neno Candidatus, yaani mtarajiwa, ambalo huwekwa mbele ya jina lisilo rasmi. Mkulima wa michungwa nchini Kenya anayeona majani yakigeuka manjano na matunda kubaki madogo na kupinda anapigana na mmoja wao, Candidatus Liberibacter africanus, anayesambazwa na mdudu mdogo anayefyonza majani. Anaharibu mashamba, ana jina linalotajwa katika vitabu vya kilimo, na kisheria bado ni mtarajiwa, kwa kuwa hajaoteshwa na kuwekwa hifadhini.

Mwaka 2022 kundi la wanasayansi lililochoka kusubiri lilianzisha kanuni nyingine, SeqCode, ambamo jenomu iliyosomwa vizuri inatosha kuwa mfano halisi. Sasa kuna sajili mbili kando kwa kando. Ile ya zamani bado inataka chupa mbili kutoka nchi mbili.